Mtindo binafsi katika skii ya mtindo huru: Kipimo kisichohesabika

WAKENYA wengi walianza kuifuatilia Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1998, wakati Philip Boit alipopeperusha bendera ya taifa mjini Nagano, Japani, katika mbio za skii za kilomita 10. Boit alimaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye utepe na kumkumbatia.

Katika mbio za aina hiyo, saa ndiyo hakimu. Mwanaspoti aweza kwenda kwa madaha au kwa kujikokota, lakini sekunde zikishahesabiwa, hakuna anayeuliza alivyoonekana njiani.

Ipo skii ya aina nyingine ambamo swali hilo ndilo huamua ni nani atakayevishwa nishani. Hiyo ni skii ya mtindo huru. Humo, watelezaji wawili waweza kufanya mruko ule ule, wakazunguka hewani idadi ile ile na kutua salama salimini wote wawili, ilhali mmoja akashangiliwa na mwenzake akasahaulika kabla hajavua skii zake. Kinachowatenganisha ndicho wachezaji na mashabiki hukiita mtindo binafsi. Makala haya yanafafanua maana yake, chimbuko lake na sababu za kuzozaniwa hadi leo.

MICHEZO YENYEWE

Skii ya mtindo huru ni jina la jumla la michezo kadhaa. Moguli ni kuteremka kasi juu ya mlima uliojaa matuta, huku mtelezaji akiruka mara mbili njiani. Katika mchezo wa kupaa, mtelezaji hurushwa na ngazi ya theluji iliyosimama wima, akapinduka angani kama mwanasarakasi. Hafupaipu ni mfereji mpana wa theluji wenye kuta ndefu pande mbili, na mchezaji huruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Slopustaili ni njia ndefu yenye reli za chuma sehemu ya juu na majukwaa ya kurukia sehemu ya chini. Ruko kuu, kama jina linavyodokeza, ni jukwaa moja kubwa na mruko mmoja kwa kila zamu. Skii krosi ndiyo pekee isiyo na waamuzi wa alama, kwani ni mbio za watu kadhaa wanaoteremka pamoja.

Moguli iliingia Olimpiki kama mchezo kamili wa nishani mwaka 1992 mjini Albertville, Ufaransa, na mchezo wa kupaa ukafuata mwaka 1994 mjini Lillehammer, Norway. Skii krosi ilianza Vancouver mwaka 2010. Hafupaipu na slopustaili ziliingia Sochi, Urusi, mwaka 2014, na ruko kuu ikaongezwa Beijing mwaka 2022.

MTINDO NI NINI HASA?

Msomaji wa mashairi ataelewa upesi. Shairi la tarbia laweza kutimiza mizani 16 katika kila mshororo, vina vyake vya kati na vya mwisho vikaoana bila dosari, na bado likakosa ladha. Mhakiki hataweza kutaja kanuni iliyovunjwa. Atasema tu kwamba mtunzi hana sauti yake.

Ndivyo ilivyo katika skii. Idadi ya mizunguko ni mizani. Kutua bila kuanguka ni vina. Mtindo ni ile sauti ya mtunzi inayomfanya msikilizaji amtambue kabla jina lake halijatajwa.

Mfano huu una uzito wa pekee katika mchezo ambao nyuso hazionekani. Mtelezaji huvaa kofia ngumu, miwani mipana na mara nyingi kitambaa cha kuziba mdomo. Hata hivyo, shabiki mzoefu akionyeshwa kivuli tu cha mtu aliye hewani, aghalabu hutambua ni nani. Humtambua kwa namna anavyokunja goti, mkono anaouachilia, na wakati anaoamua kufungua mwili ili atue.

Kwa ufupi, mtindo binafsi hujumuisha mambo matatu. La kwanza ni uteuzi, yaani mtelezaji anachagua kufanya nini na anaacha nini. La pili ni utekelezaji, yaani jinsi mwili wake unavyolifanya alilolichagua. La tatu ni ubunifu, yaani anachokiona yeye katika mlima, reli au ukuta ambacho wengine hawajakiona.

VIUNGO VYA MTINDO

Wanaoufundisha mchezo huu hutaja viungo kadhaa ambavyo hata mtazamaji mgeni anaweza kuvitambua.

Mshiko: Mtelezaji akiwa hewani huinama na kushika skii yake. Aweza kuishika mbele ya kiatu kwa mkono wa upande wa pili, chini ya kiatu kwa mkono wa upande ule ule, au kwenye mkia kabisa. Mshiko una kazi ya kukusanya mwili na kuudhibiti mzunguko, lakini pia ndio saini ya mchezaji. Anayegusa skii kwa ncha za vidole na kuiachilia mara moja huonekana ana hofu. Anayeikamata mapema na kuishikilia hadi karibu na kutua huonyesha kwamba ana muda wa kutosha, hata kama ukweli ni kwamba muda wote wa kuwa hewani ni sekunde chache.

Utulivu: Mikono inayopigapiga hewa kama mabawa ya kuku ni dalili ya mtu anayetafuta mizani. Bingwa wa mtindo huituliza. Mabega yake hayana papara, na mzunguko huonekana kama jambo lililotokea lenyewe.

Kutua: Kwa mashabiki, mruko hauishi skii zinapogusa theluji. Hutazamwa pia sekunde inayofuata, iwapo mtelezaji anajikaza na kuyumba, au anaendelea kuteleza akiwa amelegea kana kwamba hakuna lililotendeka.

Mwelekeo: Skii za kisasa zimepinda ncha zote mbili, hivyo mtu anaweza kupaa na kutua akienda kinyumenyume. Kwa kuwa anaweza kuzunguka kulia au kushoto, akianza mbele au nyuma, kuna njia nne za kufanya mzunguko mmoja. Kila mwili wa binadamu una upande unaoupenda. Anayeweza kuufanya upande wa pili uonekane rahisi kama wa kwanza huheshimiwa sana.

CHIMBUKO LAKE

Mtindo ulikuwepo kabla ya mchezo wenyewe kupata jina. Stein Eriksen wa Norway alitwaa dhahabu ya slalomu kubwa katika Olimpiki ya Oslo mwaka 1952, lakini wengi walimkumbuka zaidi kwa jinsi alivyoteleza akiwa ameunganisha miguu yake kama mguu mmoja. Baada ya kuhamia Marekani, alikuwa akipinduka hewani mbele ya watazamaji kwa umaridadi uliowafanya vijana wamuige.

Miaka ya sitini na sabini, vijana wa Amerika Kaskazini waliochoshwa na nidhamu ya mbio walianza kuteleza kwa mbwembwe. Mwaka 1971, mashindano ya mtindo huru yaliandaliwa Waterville Valley, katika jimbo la New Hampshire. Majina kama vile Wayne Wong wa Kanada na Suzy Chaffee wa Marekani yalivuma.

Enzi hizo kulikuwa pia na skii ya baleti, ambamo mchezaji aliteleza kwenye mteremko mpole huku akicheza, akizunguka na kujipindua kwa kutegemea fimbo zake, na muziki ukimsindikiza. Huo ndio mchezo ulioweka mtindo mbele kuliko mwingine wote. Ulionyeshwa katika Olimpiki za 1988 na 1992 kama mchezo wa maonyesho, lakini haukukubaliwa kuwa wa nishani. Kufikia mwaka 2000, mashindano yake makubwa yalikuwa yamekoma.

Shirikisho la Kimataifa la Skii liliutambua rasmi mchezo wa mtindo huru mwaka 1979. Utambuzi huo ulileta fedha, ratiba na usalama. Uliletea mchezo kanuni pia, na hapo ndipo mvutano unaoendelea hadi sasa ulipoanza. Kanuni hupenda kitu kinachoweza kuhesabiwa, ilhali mtindo hauhesabiki.

MRUKO ULIOKOSA NISHANI

Kisa cha Jonny Moseley wa Marekani hutajwa kila mvutano huo unapozungumziwa. Moseley alitwaa dhahabu ya moguli mjini Nagano mwaka 1998 kwa mruko wa mzunguko mmoja ambao aliupamba kwa mshiko, jambo lililokuwa geni katika moguli.

Miaka minne baadaye mjini Salt Lake City alirejea na mruko wa mizunguko miwili uliolala mshazari, karibu sambamba na ardhi. Wakati huo, kanuni za moguli zilipiga marufuku kupinduka kichwa chini. Mruko wa Moseley ulipita kwenye mpaka wa kanuni hiyo bila kuuvunja. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Waamuzi walimweka katika nafasi ya nne, na dhahabu ikamwendea Janne Lahtela wa Finland.

Si haki kudai kwamba Moseley alidhulumiwa, kwa maana katika moguli alama nyingi zaidi hutolewa kwa jinsi mtu anavyopinda kona kati ya matuta, na kasi pia huhesabiwa. Hata hivyo, miaka michache baadaye kanuni zililegezwa, na kufikia Olimpiki ya Torino mwaka 2006 miruko ya kupinduka ilikuwa imeruhusiwa. Aliyekosa nishani ndiye aliyeacha alama.

VIJANA WA KANADA

Wengine hawakungoja kanuni zibadilike. Mwishoni mwa miaka ya tisini, kikundi cha watelezaji wa moguli kutoka Kanada, wakiwemo JP Auclair, JF Cusson na Vincent Dorion, pamoja na kocha wao Mike Douglas, walianza kwenda kwenye viwanja vya watu wa ubao wa theluji. Huko waliona uhuru ambao skii ilikuwa imeupoteza.

Tatizo lilikuwa kifaa. Skii za zamani zilikuwa na mkia ulionyooka, kwa hivyo kutua kinyumenyume kulikuwa kama kuchimba shimo. Kampuni ya Salomon ilikubali wazo lao na kutoa skii yenye ncha mbili zilizopinda mwaka 1998. Ikaitwa Teneighty, yaani 1080, idadi ya digrii za mizunguko mitatu. Kifaa hicho kilifungua mlango wa slopustaili na hafupaipu kama zijulikanavyo leo.

Auclair aliendelea kuonyesha kwamba mtindo hauhitaji hata mlima. Katika filamu iitwayo All.I.Can ya mwaka 2011, anaonekana akiteleza kupitia mitaa ya mji, kati ya nyumba, ngazi na kuta za watu, akigeuza kila kitu cha kawaida kuwa uwanja. Alifariki mwaka 2014 kwa maporomoko ya theluji nchini Chile, lakini sehemu hiyo ya filamu ingali inatazamwa na chipukizi kama funzo.

JE, MAVAZI NI MTINDO?

Mgeni akiutazama mchezo huu huenda akadhani mtindo ni suruali kubwa na shati linalofika magotini. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli. Nguo pana hupepea na kuifanya miondoko ionekane ya taratibu zaidi, ilhali vazi la kubana huanika kila mtikisiko.

Henrik Harlaut wa Uswidi ndiye mfano bora. Mwaka 2014 mjini Sochi, suruali yake pana ilimteremka katikati ya mashindano ya slopustaili, na picha hizo zikaenea duniani kote. Wasiomjua walicheka. Waliomjua walikumbuka kwamba mwaka uliotangulia, katika mashindano ya X Games mjini Aspen, alikuwa amepata alama zote 50 kwa mruko mmoja. Aliinamia ncha za skii zake ukingoni mwa jukwaa, akaanza kuzunguka kabla hajaondoka kwenye theluji, kisha akapinduka mara tatu na kukamilisha mizunguko minne na nusu.

Harlaut alitwaa shaba ya ruko kuu mjini Beijing mwaka 2022. Wapo wengi walioiga suruali yake bila kuweza kuiga miondoko yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

WAAMUZI HUPIMAJE?

Katika mchezo wa kupaa, alama hugawanywa wazi. Asilimia 20 ni ya kuondoka kwenye ngazi, 50 ni ya umbo la mwili hewani na 30 ni ya kutua, kisha jumla huzidishwa kwa kiwango cha ugumu cha mruko. Umbo linalotakiwa ni moja kwa wote, miguu ikiwa imebana na mwili umenyooka. Nafasi ya upekee ni finyu.

Katika slopustaili, hafupaipu na ruko kuu, waamuzi huzingatia mambo matano: ugumu, kimo, anuwai ya miruko, utekelezaji na kuusogeza mchezo mbele. Neno mtindo halina safu yake. Limejificha ndani ya utekelezaji, na kwa kiasi fulani katika anuwai na katika kuusogeza mchezo mbele.

Kujificha huko kuna athari. Mwamuzi akiulizwa kwa nini mruko wa mizunguko mitano umeshinda wa minne, ana jibu jepesi. Akiulizwa kwa nini mshiko mmoja umezidi mwingine kwa uzuri, jibu lake laweza kupingwa. Kutokana na hali hiyo, mizunguko imekuwa ikiongezeka kila msimu. Mjini Beijing mwaka 2022, Eileen Gu wa China na Tess Ledeux wa Ufaransa wote walifanya mzunguko wa digrii 1620 katika ruko kuu ya wanawake, na Gu akashinda kwa alama 188.25 dhidi ya 187.50. Mwaka 2025 katika X Games ya Aspen, Miro Tabanelli wa Italia alifikisha digrii 2340, sawa na mizunguko sita na nusu.

Lakini Olimpiki hiyo hiyo ya Beijing ilitoa jibu la aina nyingine. Katika slopustaili ya wanaume, Alex Hall wa Marekani alifika kwenye jukwaa la mwisho akijua kwamba wapinzani wangeongeza mizunguko. Yeye aliipunguza. Alifanya mruko wa digrii 1080 tu, akapinduka mara mbili, na kabla ya kutua akausimamisha mzunguko wake hewani na kuurudisha upande ulikotoka.

Kuzuia mwili unaozunguka na kuugeuza bila kugusa kitu chochote ni jambo gumu kupita kiasi, ingawa kwenye karatasi idadi ya digrii ni ndogo. Waamuzi walilitambua hilo. Walimpa alama 90.01 katika zamu ya kwanza, na hakuna aliyemfikia. Tangu siku hiyo, wanaotetea mtindo wana mfano wa dhahabu wa kuutaja.

SI SUALA LA UREMBO TU

Mjadala huu una uzito kuliko unavyoonekana, kwa sababu gharama yake hulipwa kwa miili ya vijana. Tanner Hall wa Marekani, mmoja wa mabingwa wakubwa wa X Games, alivunjika vifundo vyote viwili vya miguu mwaka 2005. Candide Thovex wa Ufaransa alivunjika mgongo mwaka 2007, ingawa alirejea na kuwa miongoni mwa watelezaji wanaopendwa zaidi duniani kwa wepesi wake.

Sarah Burke wa Kanada, mwanamke wa kwanza kutua mzunguko wa 1080 mashindanoni, alipigania kwa miaka mingi wanawake wapewe nafasi katika X Games na hafupaipu iingizwe Olimpiki. Ombi hilo lilikubaliwa mwaka 2011. Januari 2012 alianguka akiwa mazoezini katika jimbo la Utah na kufariki siku chache baadaye, akiwa na umri wa miaka 29. Hakuiona Sochi.

Ajali haziletwi na mizunguko mingi pekee, na hata mruko mwepesi waweza kuua. Ila ni dhahiri kwamba iwapo njia pekee ya kushinda ni kuongeza nusu mzunguko kila mwaka, hatari itaongezeka pamoja nao. Mtindo hutoa njia nyingine ya kushindana. Humruhusu mchezaji kuwa bora zaidi kwa kuufanya mruko anaoujua vyema kwa namna ambayo hakuna mwingine anayeiweza.

HUJENGWA VIPI?

Mtindo hauzaliwi siku moja. Wengi huanza kwa kuiga. Chipukizi hutazama filamu, huchagua shujaa wake na kumfuata hadi mwili unapokataa. Pale mwili unapokataa ndipo upekee huanzia, kwa kuwa urefu wa miguu, unyumbufu wa kiuno na hata woga wa mtu humlazimisha atafute njia yake.

Jambo la kushangaza ni kwamba vilima vidogo vimetoa mabingwa wengi wa mtindo. Nick Goepper, aliyetwaa nishani katika slopustaili za Olimpiki za 2014, 2018 na 2022, alilelewa Indiana, jimbo la Marekani lisilo na milima mirefu. Tom Wallisch, anayesifika kwa ulaini wake, anatoka Pittsburgh, mji wa viwanda. Kwenye kilima kifupi, mtelezaji hurudia reli ile ile mara nyingi kwa usiku mmoja. Kwa kuwa hawezi kuongeza ukubwa wa mruko, huongeza usafi wake.

Mtazamaji wa Kenya atakayekutana na mchezo huu kwenye runinga hahitaji kujua majina ya miruko yote. Aanze kwa kutazama mikono, iwapo inatapatapa au imetulia. Kisha atazame mshiko, umekamatwa mapema kiasi gani na umeachiliwa lini. Mwisho atazame sekunde ile baada ya kutua. Akifanya hivyo kwa watelezaji watano au sita mfululizo, ataanza kuwatofautisha bila kusoma namba zilizo mgongoni mwao.